George Town, Penang: mji wa kuutembea kwa miguu

Watu wengi wa kwetu wanaofika Malaysia, iwe kwa masomo, kwa biashara au kwa matembezi, huishia Kuala Lumpur: hupiga picha chini ya minara pacha, hununua nguo na simu, kisha hurudi uwanja wa ndege. Mimi nimeishi nchini humo kwa miaka kadhaa, na kila ndugu au rafiki anayeniandikia kutoka Pemba, Unguja au Mombasa kuniuliza aende wapi, humjibu vivyo hivyo: panda basi au treni uelekee kaskazini, uvuke kwenda kisiwa cha Penang, ukae George Town. Huo ni mji ambao Wamalay, Wachina wa koo na lahaja mbalimbali, Watamil, Waarabu wa Hadhramaut, Wathai, Waburma, Waarmenia na Waingereza walijenga wakipakana, na sehemu kubwa ya walichokijenga ingali inatumika kwa kazi ile ile iliyokusudiwa tangu mwanzo. Hicho ndicho kipimo changu ninapochagua pa kumpeleka mgeni: je, mahali hapa bado pana wenyewe?

Historia yake yafaa ijulikane kabla ya kutoka hotelini, kwa sababu bila hiyo mitaa huonekana kama rundo la majengo yasiyohusiana. Kisiwa kilikuwa chini ya Sultani wa Kedah, na tarehe 11 Agosti 1786 Mwingereza Francis Light alikitwaa kwa niaba ya Kampuni ya Uhindi ya Mashariki, akauita mji kwa jina la Mfalme George III. Sultani alitarajia kupewa ulinzi wa kijeshi dhidi ya Siam, Thailand ya leo. Hakuupata, na alipojaribu kukirudisha kisiwa chake mikononi mwake alishindwa. Light aliifanya bandari kuwa huru, isiyotoza ushuru, na wafanyabiashara wakamiminika. Aliyekulia pwani yetu atafahamu mara moja jinsi mambo yalivyokwenda: pepo za kusi zilileta majahazi kutoka India, za kaskazi zikaleta yale ya China, na mabaharia waliosubiri upepo ugeuke wakapanga vyumba, wakaoa, wakajenga mahali pa kusalia, na wengine hawakurudi tena makwao.

Matembezi ya kwanza ninayoyapendekeza ni ya mtaa mmoja tu, Jalan Masjid Kapitan Keling, ambao kwa kuwa na nyumba za ibada za dini nyingi huitwa Mtaa wa Mapatano. Upande wake wa kaskazini lipo Kanisa la Mtakatifu George, jeupe, lenye nguzo nene mbele na mnara mwembamba juu, lililokamilishwa mwaka 1818. Ndilo kanisa la Kianglikana lililo kongwe kuliko yote yaliyojengwa kwa kazi hiyo katika Asia ya Kusini-Mashariki. Lilipigwa mabomu wakati wa Vita Kuu ya Pili, likatengenezwa, na ibada za Jumapili zinaendelea. Hatua chache kutoka hapo unakutana na hekalu la Kuan Yin, mungu wa kike wa Wachina mwenye kuabudiwa kwa huruma yake, ambalo jamii za Kichina za Wahokkien na Wakantoni walilijenga mnamo mwaka 1800.

Hapa pa Kuan Yin msipite haraka. Ua wa mbele una matanuru ya kuchomea karatasi za sadaka na vyungu vikubwa vilivyojaa majivu, na katika majivu hayo watu huchomeka njiti za ubani, nyingine nyembamba kama za kiberiti, nyingine nene zenye urefu wa kumpita mtu mzima. Moshi ni mzito kiasi cha kutoa machozi. Bibi mwenye mfuko wa sokoni huingia, huinua njiti zake hadi usawa wa paji la uso, husujudu mara tatu, huzichomeka, kisha huchukua mfuko wake na kuendelea na safari ya kununua mboga, yote hayo kwa muda usiozidi dakika tano. Hakuna anayemtazama mgeni. Ukisimama kando kwa adabu na kuiacha kamera mfukoni, utaona jinsi ibada ilivyo sehemu ya shughuli za asubuhi, kama wanaume wa mtaani kwetu wanavyopitia msikitini wakiwa njiani kwenda dukani.

Mbele kidogo, ukikata upande wa Mtaa wa Queen, lipo hekalu la Kihindu la Sri Mahamariamman, lililojengwa mwaka 1833, lenye mnara wa lango uliojaa sanamu za miungu zilizopakwa rangi kali. Limezungukwa na mitaa ya Watamil inayojulikana kama India Ndogo, yenye maduka ya sari, bizari, mashada ya maua na vyombo vya shaba, na muziki wa filamu unaotoka katika kila mlango. Karibu na hapo, kwenye kona ya Mtaa wa Chulia, kuna jengo dogo ambalo wageni wengi hulipita bila kuliona: Nagore Dargah Sheriff, lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 19 na Waislamu wa India Kusini kwa ajili ya kumkumbuka walii wao, Shahul Hamid, aliyezikwa Nagore. Wenye kuzuru makaburi ya masharifu Lamu hawatahitaji maelezo.

Msikiti wenyewe wa Kapitan Keling, ulioupa mtaa jina lake, ulianzishwa mwaka 1801 na Cauder Mohudeen, mfanyabiashara wa India Kusini aliyetambuliwa na Waingereza kuwa kiongozi wa jamii yake. Kuba zake na mnara wake wa mtindo wa Kimughal zilitokana na matengenezo ya mwanzoni mwa karne ya 20. Wasio Waislamu hukaribishwa nje ya nyakati za sala, nao huazimwa majoho ya kujisitiri. Mwislamu anayesafiri asiukose, kwa maana ndani kuna baridi nzuri ya marumaru na upepo unaopita kutoka upande hadi upande, na baada ya jua la saa saba mchana hilo si jambo dogo.

Lakini kwa msomaji wa Kiswahili, mahali panapostahili muda mrefu kuliko pote ni mwisho wa matembezi hayo, katika Mtaa wa Acheh, ambao Waingereza waliuandika Acheen. Msikiti wa mtaa huo ulijengwa mwaka 1808 na Tengku Syed Hussain Al-Aidid, tajiri mwenye nasaba ya masharifu wa Hadhramaut na ukoo wa kifalme wa Aceh, kule Sumatra, ng'ambo ya pili ya mlango wa bahari. Mnara wake una pembe nane, na juu yake kuna tundu la duara ambalo wenyeji husema lilitobolewa na risasi ya mzinga katika machafuko ya mwaka 1867, wakati vyama vya siri vya Kichina vilipopigana mitaani kwa siku kumi, kila upande ukiungwa mkono na chama cha Waislamu wa mji huo. Habari hiyo inastahili kukumbukwa na kila anayedhani kwamba watu wa rangi na dini mbalimbali wakiishi pamoja hawagombani, au kwamba wakigombana ni lazima wagawanyike kwa dini. Katika vita vile Mchina na Mwislamu walikuwa upande mmoja dhidi ya Mchina na Mwislamu wengine, na kilichogombewa kilikuwa mapato na ubabe wa mitaa.

Kisha kuna Hija. Kwa zaidi ya karne moja, hadi safari za ndege zilipochukua nafasi ya meli katika miaka ya 1970, mahujaji kutoka kaskazini mwa Malaya, Sumatra na kusini mwa Siam walikusanyika katika mtaa huu kusubiri meli ya Jedda. Nyumba za kulala zilijaa, na maduka yaliuza masanduku, nguo za ihramu, samaki wakavu na kila kilichohitajika kwa safari ya majuma kadhaa baharini. Mawakala wengi waliosimamia safari walikuwa Waarabu wa Hadhramaut. Hao ni jamaa wa watu wale wale waliofika Lamu, Mombasa, Unguja na Komoro, wakafungua maduka, wakafundisha vyuoni na kuoa mjini. Ndugu mmoja alipanda jahazi la magharibi, mwingine la mashariki. Nilipouona uwanja wa msikiti huo kwa mara ya kwanza, pamoja na makaburi yake, kuta zake za chokaa na wazee waliokaa wakizungumza baada ya alasiri, nilijihisi niko kwa watu ninaowajua, nikakaa nao hadi magharibi.

Kutoka Acheh ni mwendo wa dakika chache hadi Khoo Kongsi, jumba la ukoo wa Khoo, ambao asili yao ni mkoa wa Fujian. Jumba lililotangulia liliteketea kwa moto mwanzoni mwa karne ya 20. Watu walisema lilikuwa la fahari kupita kiasi, likiiga makao ya mfalme wa China, na mbingu zikakasirika. Hili la sasa lilikamilishwa mwaka 1906, na ingawa inasemekana lilipunguzwa ukubwa, sijaona nakshi za namna yake mahali pengine: paa lenye majoka na maua yaliyotengenezwa kwa vipande vya kauri vilivyokatwa kimoja kimoja, nguzo za mawe zilizochongwa mpaka ndani, na kuta zilizojaa majina ya wanaukoo na shahada walizopata. Jumba limezungukwa na nyumba za ukoo zilizopangwa hivi kwamba mlango wa kuingilia ni mwembamba na rahisi kulindwa. Mpangilio huo unaeleweka zaidi ukizikumbuka zile siku kumi za mwaka 1867.

Koo maskini zaidi ziliishi juu ya maji. Kando ya Pengkalan Weld kuna magati ya mbao yanayoingia baharini, na kila gati ni kijiji cha ukoo mmoja: Lim, Chew, Tan, Lee, Yeoh, pamoja na moja la watu wa koo mchanganyiko. Walioyajenga walikuwa makuli na wavuvi waliopakua shehena kutoka melini. Gati la Chew ndilo kubwa na ndilo lenye wageni wengi, kiasi kwamba baadhi ya vibaraza vimegeuka maduka ya vikumbusho na wenyeji wamelazimika kuweka mabango ya kuwaomba watu wasipige picha ndani ya nyumba zao. Nashauri mwende asubuhi na mapema, mzungumze kwa sauti ya chini, na mkitaka utulivu mwende magati ya jirani. Ukibahatika kuwapo usiku wa kuamkia siku ya tisa ya Mwaka Mpya wa Kichina, utawakuta Wahokkien wa gati hilo wamepanga meza ndefu za sadaka na miwa mizima kwa ajili ya Mfalme wa Mbinguni, kwani husimulia kwamba wazee wao waliwahi kuokoka kuuawa kwa kujificha katika shamba la miwa.

Majumba ya matajiri nayataja kwa ufupi. La Cheong Fatt Tze katika Mtaa wa Leith, lililopakwa rangi ya nili, lina vyumba 38 na madirisha 220, na wanaolitembeza hueleza vizuri namna nyua zake zinavyokusanya mvua na kupoza hewa. Jumba la Peranakan, la kijani, limejaa samani na vito vya Wachina waliozaliwa nchini humo na kuchukua mapishi na mavazi ya Kimalay. Yote mawili ni mazuri. Yote mawili siku hizi ni biashara ya wageni. Ngome ya Cornwallis, ya Waingereza, haikuwahi kupigana vita hata mara moja, na aliyeiona ngome ya Yesu Mombasa au ile ya Wareno na Waarabu Unguja hatapata jipya kubwa, isipokuwa mzinga wa Kiholanzi uitwao Seri Rambai, wa mwaka 1603, ambao wanawake waliotaka watoto walikuwa wakiuwekea maua.

Mwaka 2012 msanii kutoka Lithuania, Ernest Zacharevic, alichora picha kadhaa katika kuta za mji, na ile ya watoto wawili juu ya baiskeli halisi katika Mtaa wa Armenian ikawa maarufu kuliko mahekalu. Ni picha nzuri, yenye furaha ya kweli, na siwalaumu wanaopanga foleni kupiga picha nayo. Ninachosikitikia ni kwamba wengi wao hawageuzi shingo kuitazama nyumba namba 120 ya mtaa huo huo, ambamo Sun Yat-sen aliweka makao ya chama chake mwaka 1910 na kuchangisha fedha za mapinduzi yaliyoanza mwaka uliofuata na kuung'oa ufalme wa China.

Jambo moja linaniuma kuhusu mji huu, nami huwaeleza wageni ili watembee wakilijua. Kwa miaka mingi sheria ya kudhibiti kodi za nyumba iliwawezesha mafundi, wauza chakula na wazee wasio na kitu kuishi katikati ya mji. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1997, na ulinzi wake ukakoma mwanzoni mwa mwaka 2000. Kodi zikapanda, familia nyingi zikahamia vitongojini, na UNESCO ilipouweka mji katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008, pamoja na Melaka, majengo yaliyoachwa wazi yakawa hoteli na migahawa. Tulioushuhudia Mji Mkongwe wa Zanzibar ukibadilika tangu nao uingizwe katika orodha hiyo mwaka 2000 tunaielewa habari hii. Kwa hiyo mwenye kuweza na alale katika nyumba inayoendeshwa na wenyeji, anunue ubani kwa fundi anayeutengeneza kwa mikono na viatu vya shanga kwa anayeshona, na ale vibarazani kuliko katika migahawa yenye viyoyozi.

Nje ya mji wa kale msikose kitongoji cha Air Itam. Hekalu la Kibudha la Kek Lok Si lilianza kujengwa katika miaka ya 1890, na mnara wake wa ghorofa saba, uliokamilika mwaka 1930, una kitako cha Kichina chenye pembe nane, kiwiliwili cha Kithai na kilele cha Kiburma, kwa kuwa Wabudha wa jamii zote hizo walihesabiwa kuwa wenyewe. Si mbali na hapo, garimoshi la kamba, ambalo safari zake zilianza mwaka 1923, hukupandisha hadi Mlima Penang wenye mita 833, ambako hewa ni baridi na msikiti na hekalu la Kihindu vimejengwa karibu karibu kileleni. Pandeni asubuhi, kabla mawingu hayajafunga, na mjiepushe na siku za mapumziko ya shule. Ukiwapo Januari au Februari wakati wa Thaipusam, sikukuu ya Wahindu wa Kitamil, shuka barabarani ulitazame gari la fedha likipita kuelekea hekalu la mlimani: Watamil kwa Wachina huvunja nazi kwa maelfu mbele yake, na wafagiaji huzisukuma kando kwa mabeleshi ili gari lipite.

Chakula nacho ni sababu tosha ya safari. Nasi kandar, wali wa Waislamu wa Kitamil, hapo zamani uliuzwa na wachuuzi waliobeba wali na michuzi kwa mzegamzega bandarini. Leo unapanga foleni mbele ya masufuria kumi au zaidi, na mpakuaji, asiyesimama hata kuvuta pumzi, huweka wali, kipande cha kuku au kichwa cha samaki, mabamia mawili, kisha hunyunyiza michuzi mitatu au minne mmoja juu ya mwingine hadi wali wote uloe. Usimzuie: ladha iko katika mchanganyiko huo. Asam laksa ni tambi za mchele katika mchuzi wa samaki wenye ukwaju, mnanaa na nanasi, mkali na mchachu kwa pamoja. Char kway teow, tambi pana zinazokaangwa kwa moto mkali katika karai pamoja na kamba na mayai, mara nyingi hupikwa kwa mafuta ya nguruwe. Mwislamu na aulize kwanza, na vipo vibanda vya Waislamu vinavyozipika vizuri.

Mimi niliyekulia Pemba chini ya mikarafuu nilifurahi kupita kiasi kukuta kwamba Kampuni ya Uhindi ya Mashariki ilileta miche ya mikarafuu na mikungumanga kutoka visiwa vya Maluku na kuipanda Penang takriban mwaka 1800, miongo michache kabla karafuu hazijashika mashamba ya Unguja na Pemba. Karafuu za Penang zilipungua, lakini mikungumanga bado ipo upande wa Balik Pulau, na watu hawatumii kokwa na basibasi peke yake: nyama ya tunda hukatwakatwa, hutiwa sukari na chumvi na kukaushwa, au hukamuliwa sharubati inayouzwa baridi vibandani. Kopo moja la kungumanga kavu ndilo zawadi ninayoipeleka nyumbani, na shangazi zangu, wanaoijua kungumanga kwa kuikuna katika uji na kahawa, huipigania.

Kwa mambo ya safari: basi la bure linazunguka mji wa kale, na mabasi ya kawaida kutoka gatini hufika Air Itam kwa nauli ndogo. Treni kutoka Kuala Lumpur huishia Butterworth, upande wa bara, na kivuko kipo karibu na stesheni. Septemba hadi Novemba mvua ni nyingi. Desemba hadi Februari ni pakavu zaidi. Katika siku mbili za kwanza za Mwaka Mpya wa Kichina maduka mengi hufungwa na vyumba hupanda bei, basi wekeni nafasi mapema au mfike mwishoni mwa juma la kwanza, wakati vibanda vya chakula vimeanza kufunguliwa na Kek Lok Si ingali ikiwashwa taa usiku.